Halua, Kaimati na Kitumbua: Habari za Vitamu vya Unguja

Kila mwaka, shule zifungwapo, walimu wetu wengi wa bara huvuka bahari kwenda Unguja kupumzika siku chache. Huoga baharini huko Nungwi au Paje, huzuru kanisa la Mkunazini, na jua likizama hushuka Forodhani kula. Warudipo huleta halua katika kikapu kidogo cha ukindu, wakawagawia wenzao na watoto wa nyumbani. Hayo ni mema. Lakini zaidi ya mara moja nimesikia darasani, na mara moja hata katika mahubiri, neno lile lile likisemwa juu ya halua hiyo: kwamba Mwarabu aliileta pamoja na tende ili kuwalaghai babu zetu, wakaonja, wakamfuata hata chomboni, wakauzwa. Mtoto mmoja wa shule, alipopewa kipande na mwalimu wake, alikataa kukila kwa sababu hiyo. Mwalimu hakuwa na la kumjibu.

Makala hii yajaribu kumjibu mtoto huyo kwa njia ndefu. Na kwa kuwa kurasa hizi ni za lugha na desturi, nitaanza na maneno yenyewe, maana mara nyingi neno huhifadhi habari ambayo watu wamekwisha kuisahau.

Utamu wenyewe tulikuwa nao kabla ya wageni. Shina -tamu si la Kiarabu wala la Kihindi. Muwa nao una jina letu, na jina hilo lina ndugu zake bara, kama vile kigwa cha Wakikuyu. Vasco da Gama alipotia nanga mbele ya Mombasa mwezi wa Aprili, mwaka 1498, mfalme wa kisiwa alimpelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Kwa hiyo miwa ilikuwa ikistawi pwani kabla Mzungu hajaonekana, tena ilihesabiwa kuwa zawadi ya kumfaa mgeni. Karibu miaka 170 kabla yake, mnamo mwaka 1331, Ibn Battuta alipita pwani hii. Huko Mogadishu aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Akapewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya malimau, tangawizi mbichi na maembe. Alipofika Mombasa aliona watu wakila ndizi na samaki, na akasifu tunda moja linalofanana na zeituni, lenye kokwa, tamu sana, ambalo alilitambua kwa jina la Kihindi: hapana shaka ni namna ya zambarau. Msomaji aangalie kwamba katika habari hizo zote hakuna sukari. Vitu vitamu ni matunda, na ndizi za maziwa. Hata leo mwanamke wa Unguja akipika ndizi mbivu kwa tui la nazi kwa ajili ya futari, hakipungukiwi kitu chungu hicho, na pengine mkono wake waijua kazi ya zamani kuliko ule wa mpika halua.

Mdudu twamwita nyuki, kwa neno la Kibantu lililoenea mbali sana. Lakini kilicho chake twakiita asali, nalo ni neno la Kiarabu. Warundi na Wanyarwanda husema ubuki, na kila mtu aona mara moja kwamba ubuki na nyuki ni wa ukoo mmoja. Kwa nini Waswahili wakamwacha mdudu na jina lake, wakaibadili asali jina? Mimi naona sababu ni soko. Nyuki hukaa msituni, wala hakuna mfanyabiashara anayemnunua. Asali hutiwa chomboni, hupimwa, huuzwa, nayo bei yake hutajwa katika lugha ya mnunuzi. Sheria hiyo tutaiona tena na tena katika habari hizi. Kitu chaweza kuwa cha kale nchini, na jina lake likawa la mgeni kwa sababu mgeni ndiye aliyekinunua.

Sukari ni neno lililosafiri kuliko wasafiri wengi. Kwa Kisanskriti lilikuwa sharkara, Waajemi wakasema shakar, Waarabu sukkar, nasi sukari. Kwa upande wa magharibi Waarabu wakawapa Wataliano na Wahispania, hata likafika kwa Waingereza. Nasi tunalo jingine, sukari guru, yaani ile sukari nyekundu ya mabonge isiyosafishwa. Gur ni jina la Kihindi la kitu hicho hicho, basi kusema sukari guru ni karibu na kusema sukari-sukari: Mwarabu kwa upande mmoja na Mhindi kwa upande wa pili, Mswahili akawapatanisha. Jina hilo naomba msomaji aliweke akilini, kwa maana nitalirudia nitakapofika Pangani.

Sasa halua. Kwa Kiarabu asili yake ni hulw, maana yake tamu tu. Halua ya Unguja ni mtoto wa halua ya Omani, na mpaka leo huko Maskati mgeni hapiti kizingiti bila kuletewa halua na kahawa. Hupikwa katika sufuria kubwa la shaba juu ya moto mkali: sukari, maji, wanga, samli, iliki, zafarani, maji ya waridi, na lozi au korosho za kupamba. Kazi yote ni kukoroga. Wapishi hupokezana mwiko, kwa sababu ukiuacha kidogo tu halua hushika chini na kuungua. Hukorogwa saa mbili na zaidi, mpaka ivute na kung'aa, iache kushikamana na shaba, na samli ianze kujitenga. Nilipata kukaa na mzee mmoja wa kazi hiyo. Nilimwamkia, naye baada ya kunipa marahaba akanielekeza kibao cha kukalia, akaendelea na mwiko wake. Nilipomwuliza kama haiwezekani kuharakisha kwa kuongeza moto, alicheka. “Maalim,” akasema, “halua haimtaki mtu wa haraka. Mwenye haraka na apike uji.”

Lakini lipo neno moja ndani ya sufuria lile ambalo si la Kiarabu. Ni wanga. Askofu Steere alipoandika kitabu chake cha kuifundisha lugha ya Unguja, kilichotoka mwaka 1870, alilitia neno uwanga kuwa ni jina la mmea wenye viazi vinavyotoa unga mweupe laini. Mmea huo huota wenyewe katika mchanga wa pwani yetu. Waomani kwao huifanya halua kwa wanga wa ngano; walipofika hapa ngano ilikuwa ya kuletwa kwa vyombo, na uwanga ulikuwa shambani. Leo watu hutumia wanga wa muhogo au wa mahindi wanunuao dukani, na jina limebaki wanga, limekuwa jina la kila unga wa namna hiyo, hata katika vitabu vya shule juu ya vyakula na afya. Basi halua ya visiwani, tangu ilipopikwa kwa kitu cha visiwani, si ya Waarabu peke yao.

Kaimati ni neno lenye kuchekesha. Kiarabu ni luqaimat, yaani vitonge vidogo, nalo latoka katika luqma, tonge. Mswahili amelikata kichwa. Twaweza kudhani kwamba alisikia lu- ya mwanzo kana kwamba ni kiambishi, kama vile lu- ya lugha nyingine za Kibantu ambayo kwetu imekuwa u-, akaona yafaa kuachwa. Hata hivyo kitu chenyewe hakikubadilika: tonge la unga wa ngano uliochachuka, hukaangwa, likazungushwa katika sukari iliyopikwa mpaka ivae ganda. Paluda ni ya Waajemi, iliyopita kwa Waarabu na kwa Wahindi. Zelabia ya Waarabu na jalebi ya Wahindi ni neno moja. Ladu ni ya Kihindi. Pilau na sambusa zilianza Uajemi. Mdalasini ni Kiajemi kilichovaa nguo za Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mti wa China. Hata meza tunayowekea vitu hivyo twaipata kwa Wareno. Ingekuwa rahisi kuendelea hivyo mpaka msomaji aamini kwamba Mswahili hakupika kitu ila kwa kufundishwa.

Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa wanahesabu majina tu wala hawasikilizi ni majina ya namna gani. Kitumbua, kibibi, kileja, bokoboko, mkate wa kumimina: hayo ni majina ya nyumbani. Mkate wa kumimina umetajwa kwa kazi ya mikono ya mpishi, yaani kuumimina mchele uliosagwa kwa tui na kuumuliwa. Kitumbua hupikwa kwa mchele na nazi katika chuma chenye mashimo. Bokoboko, ngano na nyama zilizopondwa pamoja mpaka zisijuane, ni harisa ya Waarabu. Lakini hakuna mtu wa Unguja aitaye harisa. Aliyeipika kila siku ndiye aliyeipa jina, naye hakuwa Mwarabu. Majina ya Kiarabu na ya Kiajemi, ukiyatazama vema, mengi ni ya vitu vya karamu na vya sebuleni. Majina ya Kibantu mengi ni ya vitu vya jikoni na vya asubuhi.

Tupate sasa habari za mahali pa kula. Ibn Battuta, aliposafiri pwani yetu, hakuona mkahawa. Huko Mogadishu mfanyabiashara aliyeshuka chomboni alipokewa na mwenyeji wake, akalala na kula kwake, na mwenyeji huyo ndiye aliyemwuzia na kumnunulia bidhaa. Hivyo ndivyo pwani yote ilivyokuwa kwa muda mrefu. Mgeni alikuwa na nyumba, wala hakuwa na hoteli. Methali mbili zashuhudia mambo hayo, na moja yaipinga nyingine: mgeni njoo mwenyeji apone, na ile nyingine, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ya kwanza ni ya mwenyeji anayetazamia faida na furaha, ya pili ni ya mwenyeji aliyekwisha kuhesabu mchele wake.

Mtu mwenye heshima hakula njiani. Desturi hiyo ilikuwa na nguvu sana, na wazee wa Mji Mkongwe wanaishika hata sasa. Kahawa tu ndiyo iliyoruhusiwa barazani, pamoja na kipande cha kashata au tende, kwa sababu hiyo haikuhesabiwa chakula ila mazungumzo. Neno mkahawa lashuhudia: asili yake ni mahali pa kahawa, wala si mahali pa wali. Hoteli ilikuja kwa Kiingereza, nayo katika kinywa cha watu wa pwani imekuwa nyumba ya kula hata kama haina kitanda kimoja. Msomaji aliyesoma Kilatini atakumbuka kwamba ndani ya neno hilo mna hospes, ambalo ni mgeni na ni mwenyeji pia. Kwetu maneno hayo hayakuchanganyika kamwe, na labda ndiyo sababu mzee wa Unguja aona haya kumdai mgeni fedha ya chakula, hali kijana wake haoni.

Ndani ya nyumba kubwa kula kulikuwa na daraja zake. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye akaitwa Emily Ruete, aliandika kwa Kijerumani kitabu cha maisha yake, kikatoka mwaka 1886. Ameeleza jinsi watoto wa Sayyid walivyokaa chini mbele ya chakula kwa taratibu ya umri wao, na jinsi masuria, ingawa ndio mama zao, walivyokuwa hawali pamoja na baba. Mama yake mwenyewe alikuwa suria. Mgeni wa Kizungu alipopokewa barazani alipewa kahawa na sharubati katika vyombo vizuri, akaandika kwao juu ya ukarimu wa Sayyid. Ni wachache walioandika juu ya mkono ulioshika sinia. Jikoni mwa nyumba zile walikuwamo watumwa, na mwiko niliousema hapo juu, ule usiotakiwa kuachwa kwa saa mbili mbele ya moto, mara nyingi ulikuwa mikononi mwa mtu asiyekuwa na ruhusa ya kuuacha.

Basi tumekaribia swali la mtoto. Forodhani ni mahali pa forodha, nayo kwa Kiarabu ni bandari, tena nyumba ya ushuru. Mgeni wa leo, akaapo bustanini jioni na sahani ya pweza, mbele ya Ngome Kongwe na karibu na Beit al-Ajaib iliyojengwa mwaka 1883 na kuanguka sehemu yake siku ya Krismasi ya mwaka 2020, akaa karibu na mahali ambapo ushuru ulitozwa juu ya karafuu, pembe, na watu. Kwa miaka mingi Sayyid aliikodisha forodha kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch. Katika miaka ya 1860 watumwa walioletwa Unguja walizidi 10,000 kwa mwaka, wengi wao wakitoka Kilwa, na nyuma ya Kilwa ni nchi za Nyasa. Hao hawakuvutwa kwa halua. Walitekwa vitani, waliuzwa kwa deni, walitolewa wakati wa njaa, wakatembezwa miezi kwa minyororo. Ni kweli kwamba mjini Unguja wakati wa kaskazi, vyombo vya Wasuri na vya Waarabu wengine wa kaskazini vilipojaa, wizi wa watoto uliwatisha watu. Na husimuliwa kwamba wevi hao walimwita mtoto kwa tende au kwa kipande cha kitu kitamu. Sikatai. Lakini walioibwa hivyo walikuwa kama tone katika mtungi. Kusema kwamba babu zetu waliuzwa kwa sababu ya kupenda vitamu ni kuwafanya wapumbavu baada ya kuwa wamekwisha kufanywa watumwa, na mwalimu asikubali dhuluma hiyo ya pili ifanyike darasani mwake.

Na tazama, habari ya kweli ni kinyume cha hadithi. Tende haikuwaleta watumwa. Watumwa ndio walioileta tende. Katika karne ya 19 Waafrika wengi waliopelekwa Omani walitiwa katika mashamba ya mitende ya Batina, wakachimba mifereji, wakapanda juu ya minazi ile ya jangwani kuchavusha maua na kukata vichala. Na sehemu kubwa ya tende hizo zilipakiwa kwenda Marekani, zikaliwa New York wakati wa Krismasi. Na sukari vivyo hivyo. Katika karne hiyo palikuwa na shamba la miwa na kinu chake huko Mkokotoni, kaskazini ya Unguja, lililolimwa kwa kazi ya utumwa, na Waingereza walikuwa na mkono katika shughuli hiyo, ingawa serikali yao iliupinga utumwa baharini. Bonde la Pangani lilijaa mashamba ya miwa. Huko ndiko sukari guru ilikopikwa, ikapelekwa Unguja na kuvuka mpaka Uarabuni. Abushiri bin Salim, aliyewapiga vita Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo ya miwa. Twamsoma katika historia kwa ushujaa wake, nao ulikuwapo. Lakini waliokata miwa yake walikuwa watu wa kununuliwa, na wengi wa watumwa wa bonde lile walitoroka kila walipoweza.

Kwa hiyo neno sukari guru, lenye Mwarabu na Mhindi ndani yake, halina mahali pa yule aliyeipika. Hilo ndilo nililotaka msomaji aliweke akilini. Mnunuzi hutia jina. Mkata miwa hakuulizwa.

Soko la watumwa lilifungwa mwezi wa Juni, mwaka 1873, Sayyid Barghash alipolazimishwa kutia sahihi mkataba. Krismasi ya mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pale Mkunazini, naye Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi na kutafsiri Maandiko kwa mkono wake, alikufa mwaka 1882 akazikwa humo. Wasomaji wa kurasa hizi wayajua hayo. Yasiyojulikana sana ni kwamba kufungwa kwa soko hakukuwafungua waliokwisha kununuliwa. Hao walingoja amri ya Sayyid Hamoud ya mwaka 1897, na masuria walitengwa hata hapo, mpaka mwaka 1909. Katikati ya miaka hiyo watumwa wengi wa mjini walikuwa wakitumwa kufanya kazi ya siku kwa watu, na mshahara wakagawana na bwana. Kila mmoja alipewa kijikaratasi, kibarua, yaani barua ndogo, cha kuonyesha siku yake. Nasi mpaka leo twamwita kibarua mtu afanyaye kazi ya siku, tukisahau karatasi ile na sababu yake.

Uhuru ulipokuja haukuja na shamba. Wanawake waliotoka katika nyumba za mabwana walikwenda kukaa Ng'ambo, upande wa pili wa hori, wakitafuta kazi ya kuwalisha. Walichokuwa nacho ni ujuzi wa jikoni. Wakakaanga. Vitumbua, maandazi, mihogo, samaki, bajia walizojifunza kwa Wahindi: vitu hivyo viliuzwa mlangoni na pembezoni mwa njia, na wanunuzi walikuwa vibarua wa bandarini na watu wasiokuwa na mke wa kuwapikia. Mwenye heshima alipita akigeuza uso, kwa kuwa kula njiani ni aibu. Lakini fedha iliyoingia katika upindo wa kanga ilikuwa ya mwanamke yule, wala hapakuwa na bwana wa kugawana naye. Nami naona kwamba mkahawa wa kweli wa Unguja ulizaliwa hapo. Haukuzaliwa sebuleni kwa halua na sharubati, bali kando ya njia, kwa chuma cha vitumbua.

Nisiseme mengi juu ya hoteli kubwa za pwani ya mashariki. Katika mwaka 2023 wageni waliofika Zanzibar walizidi 600,000, na wengi wao hula mahali ambapo vyakula vyote vimepangwa mezani kwa safu, kila mtu ajipakulie. Vitamu huwekwa mwisho wa safu, vikiwa vidogo vidogo na vizuri kutazama, navyo karibu vyote ni vya Ulaya. Katika hoteli moja ya namna hiyo nilikuta kaimati zimeandikwa jina la kigeni ambalo hata mpishi hakuweza kulitamka. Nilipomwuliza kwao huziitaje, alisema kaimati, kisha akaona haya, kana kwamba amesema neno la shambani mbele ya wakubwa. Hilo lilinihuzunisha kuliko bei.

Forodhani bustani ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009, na wauzaji wake ni hodari wa maneno. Chakula kinachopendwa sana na wageni ni kile kiitwacho piza ya Zanzibar, nacho si piza. Unga hukandwa, hunyooshwa kwa mkono mpaka uwe mwembamba kama shashi, hutiwa nyama, kitunguu na yai, hukunjwa pande nne na kukaangwa kwa samli au mafuta. Mtu yeyote aliyekula mkate wa mayai wa Mombasa, au mutabaki wa Waarabu wa Yemeni, ambao jina lake lina maana ya kukunjwa tabaka kwa tabaka, atakitambua mara moja. Kijana wa Forodhani siku hizi hutia ndani yake ndizi na chokoleti kwa ajili ya wageni wapendao vitamu. Wazee hulalamika. Mimi silalamiki sana, kwa maana ndivyo halua ilivyopata wanga wetu, na ndivyo bajia zilivyoingia katika urojo. Ninachosikitikia ni jina tu: kitu cha pwani kimeuzwa kwa jina la Kitaliano, kwa sababu ile ile iliyofanya asali ya nyuki wetu iitwe asali. Soko bado latia majina.

Kwa mwalimu aendaye likizo nashauri mambo machache ya kutumia macho na masikio. Asile hotelini tu. Achukue urojo mchana Mji Mkongwe, pale wanapokula watoto wa shule. Anunue mkate wa ufuta ukiwa moto. Akifika mwezi wa Ramadhani asile hadharani mchana, wala si kwa kuogopa sheria bali kwa adabu ya mgeni. Na magharibi akikaribishwa futari asikatae kwa sababu ya dini yake, kwa kuwa mwenyeji hajamwita ili kumsilimisha, amemwita ale. Aulize jina la kila kitu, na jina akiambiwa la Kizungu, aulize tena, kwa upole: “Bibi, nanyi nyumbani mwakiitaje?” Aandike jibu. Visheti, vileja na vibibi vina namna zake Pemba, Tumbatu na Makunduchi, na mtu akisikiliza kwa siku sita tu atajaza kurasa kadhaa za daftari.

Na yule mtoto? Mwalimu wake alinionyesha barua ambayo ndani yake amemwandikia sehemu ya habari hizi: kwamba babu zake hawakununuliwa kwa halua, bali walikuwa miongoni mwa waliokata miwa, waliopanda mitende, walioshika mwiko, na kwamba mzee wa sasa aipikaye pale Unguja si mwenye kosa hilo, naye hupata riziki yake kwa jasho mbele ya moto. Kama mtoto atakula au hatakula, nimemwambia mwalimu amwachie mwenyewe.

Asubuhi ya kuondoka nilipita Darajani kabla ya saa kumi na mbili, nikielekea bandarini. Soko lilikuwa bado limefungwa. Mama mmoja alikuwa amekwisha kuwasha mkaa, chuma chake cha mashimo saba juu ya jiko, akimimina mchele kwa kata ya kifuu cha nazi. Wachukuzi watatu walikuwa wamesimama wakingoja, kila mmoja na sarafu zake mkononi, wala hakuna aliyeona haya kula njiani. Nilinunua vitumbua vinne vya safari. Nilipomwuliza ni nani aliyemfundisha, alisema ni bibi yake, mzaa mama, naye alifundishwa na mamaye, na huyo alikuja kutoka bara akiwa mdogo.